Idara ya Vichwa

Jina la nchi hii halitatajwa hapa, si kwa woga, bali kwa sababu kamati ya kulipitia upya jina hilo haijamaliza vikao vyake, na wajumbe wake bado wananenepa vizuri. Itoshe kusema ni nchi ya amani, yenye jua la kutosha na mapenzi makubwa ya picha. Humo, jambo ambalo halijapigwa picha halijatokea, na lililokwisha kupigwa picha limekamilika. Barabara ikipigwa picha siku ya kuwekewa jiwe la msingi, haijengwi tena, maana kurudia kazi ni uharibifu. Hospitali ikipigwa picha ikiwa na dawa, dawa hizo hupakiwa kwa uangalifu mkubwa na kupelekwa hospitali inayofuata, nayo ipigwe picha. Wageni wanaokuja kujifunza huondoka wakisema hawajawahi kuona kitu kama hicho, na wenyeji huwashukuru.

Kwa kuwa picha ni mali nyeti, Serikali iliamua zamani kuwapunguzia wananchi mzigo wa kuzitunza. Malori yalipita mtaa kwa mtaa na studio kwa studio yakikusanya kila picha yenye kiongozi ndani yake, hata kama kiongozi huyo alikuwa anapita tu nyuma ya bibi harusi akitafuta sahani. Zote zikapelekwa mji mkuu, kwenye jumba kubwa jeupe liitwalo Makumbusho na Chuo cha Taifa cha Picha. Huko zikahifadhiwa vizuri mno, kiasi kwamba hakuna mwananchi aliyeziona tena.

Basi redio ilipotangaza kwamba Makumbusho na Chuo vitafanya Siku ya Wazi ya Jamii, na kwamba watu wote wataruhusiwa kuingia bila ubaguzi ilimradi wawe wamechana nywele, wengi walidhani mtangazaji amechanganya makaratasi. Kalekwa hakudhani hivyo. Tangazo lilimkuta katikati ya kichwa cha mteja, kibarazani pake, maana kazi yake ilikuwa kusuka. Vidole vyake vikasimama ghafla hata mteja akamuuliza kama amekuta chawa.

Mama yake Kalekwa, Nyanzala, alifariki wakati Kalekwa hajamaliza kuota meno. Katika maisha yake yote Nyanzala alipigwa picha moja tu, siku ya uzinduzi wa bomba la maji kijijini kwao, na kwa bahati mbaya alisimama karibu na waziri. Lori likaichukua. Kalekwa akakua akiwa hajui mama yake alifananaje. Mama yake mdogo, Wande, aliyemlea, alijaribu mara nyingi kumweleza: macho ya kawaida, pua ya kawaida, mweusi wa kung'aa, mzuri tu. Mwishowe alikata tamaa akasema uso wa mtu hausimuliki. Alichoweza kusimulia ni ile picha. Nyanzala amesimama na ndoo miguuni, amevaa kanga yenye korosho, na mgongoni kwenye mbeleko kuna mtoto asiyeonekana, isipokuwa mguu mmoja uliochomoza ubavuni.

"Ule mguu ni wewe," Wande alikuwa akimwambia.

Kwa hiyo Kalekwa hakutaka makubwa. Kuna watu walioiomba Serikali maji, barabara na haki, na hao wana matatizo yao. Yeye alitaka aingie ndani ya lile jumba, asimame mbele ya picha ile, auangalie uso wa mama yake mpaka aukariri, kisha atoke zake. Wande alikuwa na magoti mabovu, hakuweza kwenda naye. Alimshika mkono tu asubuhi ile na kumwambia aangalie kwa niaba ya wote wawili.

*

Siku ya Wazi, geti lilikuwa limefungwa.

Hapakuwa na hila yoyote. Mkurugenzi wa Makumbusho na Chuo, Dakta Ndekeja, alikuwa mtu mwangalifu, na alihofia kwamba siku yenyewe ingeweza kuharibu sherehe. Kwa hiyo picha za Siku ya Wazi alikwisha kuzipiga juma lililotangulia. Wanafunzi wa chuo walivalishwa nguo za wananchi, wakapangwa kwa vimo, wakaamriwa wafurike. Picha zilitoka nzuri sana. Gazeti la Serikali la asubuhi hiyo lilikuwa limezitandaza ukurasa mzima pamoja na maelezo kwamba wananchi walijitokeza kwa wingi na kuondoka wameridhika. Kazi iliyobaki ilikuwa ndogo tu, ya kuwafanya wananchi wenyewe wafanane na walivyokwisha kuwa.

Walinzi walisimama getini na gazeti mkononi, wakimlinganisha kila mtu na picha. Aliyefanana na mtu fulani gazetini aliingia na kuchukua nafasi ya huyo mtu. Asiyefanana na yeyote alielezwa kwa upole kwamba hakuhudhuria.

Mzee mmoja mwenye bakora alibisha. Alisema mbona yuko hapa, amesimama kwa miguu yake. Mlinzi hakumfokea. Alimpa gazeti, akamwambia, "Mzee wangu, hebu nionyeshe uko wapi." Mzee akatoa miwani, akatafuta safu ya mbele, akatafuta ya nyuma, akageuza na upande wa pili kwenye matangazo ya vifo. Hakujiona. Akaomba radhi kwa usumbufu, akaenda zake.

Kalekwa alikuwa amefuatana na jirani yake, Mama Zuberi, muuza maandazi, ambaye hakuja kwa ajili ya picha wala kumbukumbu. Alisikia kuna soda. Mlinzi alimpata upesi gazetini, mama mnene wa safu ya pili, ila mama yule alikuwa anacheka mpaka gego linaonekana.

"Mama, inabidi ucheke," mlinzi akamwambia.

"Mwanangu, umeniweka juani tangu asubuhi, nicheke nini? Nitekenye basi."

Wenzake mlinzi wakacheka, Mama Zuberi akawacheka wao, akapitishwa hapo hapo kabla sura haijabadilika. Kalekwa yeye alipatikana gazetini nyuma ya nguzo, mwanamke wa kitenge cha kijani aliyeachama kwa mshangao. Mlinzi akamwambia ashangae. Akashangaa. Mlinzi akatazama gazeti, akatazama mdomo, akasema aongeze kidogo. Alipofikia kiwango, akaruhusiwa kuingia kwa sharti kwamba mdomo huo usifungwe mpaka mgeni rasmi aondoke.

Akaingia hivyo, ameachama, vumbi la uani likimwingia mdomoni. Alilimeza lote. Alijiambia kwamba mtu aliyeishi bila kumwona mama yake anaweza kuishi nusu siku bila kufunga mdomo.

*

Mgeni rasmi alikuwa amechelewa, kama ratiba ilivyoelekeza, kwa hiyo wananchi walitembezwa kwanza upande wa chuo. Walioneshwa Idara ya Utepe, ambako wanafunzi husomea kupiga picha mikasi. Walioneshwa Idara ya Umati, ambapo watu kumi hujifunza kuonekana elfu. Halafu wakaingizwa katika idara kongwe kuliko zote, fahari ya chuo, Idara ya Vichwa.

Ilikuwa chumba kirefu chenye meza, taa, nyembe, brashi na harufu ya gundi. Mkuu wake, Mwalimu Ligola, alikuwa mtu mwembamba mwenye vidole visafi, na aliipenda kazi yake kwa dhati. Aliwaeleza wageni kwamba nchi nyingine, waziri akiondolewa, huingia hasara kubwa, maana madaraja na visima vyote alivyozindua hubaki na picha ya mtu asiyefaa. Hapa, alisema, tumelitatua hilo kitaalamu. Waziri anaondoka na kichwa chake tu. Mwili unabaki kazini, unaendelea kukata utepe, na waziri mpya akija anakuta maendeleo yake yanamsubiri.

Akawaonyesha mfano, picha ya uzinduzi wa daraja. Mwili ulikuwa wa waziri wa kwanza, marehemu, mtu aliyekonda kwa kisukari. Juu ya shingo yake nyembamba palikuwa na kichwa cha waziri wa sasa wa madaraja, ambaye hana tatizo la kukonda.

"Huyu kichwa kitamdondosha," Mama Zuberi akasema. "Na mbona shingo nyeusi, uso maji ya kunde?"

Mwalimu Ligola alijibu kwa unyenyekevu kwamba hiyo ni kazi ya mwaka wa kwanza, vijana bado wanajifunza rangi.

Kisha akafungua makabati. Ukuta mzima ulikuwa droo, na kila droo ilikuwa na kibao: Waliotenguliwa. Waliojiuzulu kwa Hiari Baada ya Kuombwa. Waliokwenda Masomoni Ghafla. Droo kubwa kuliko zote, iliyokwisha kuongezewa mara kadhaa, iliandikwa Wanaoweza Kurudi. Ndani yake vichwa vililala kwenye bahasha, vikitabasamu. Ligola alisema kuna mheshimiwa aliyetolewa mchana akarudishwa jioni, gundi haijakauka. Kwa sababu hiyo idara ilikuwa na msingi mmoja usiovunjwa.

"Hatutupi kichwa," akasema, akafunga droo taratibu.

Hilo Kalekwa alilisikia vizuri. Alimsogelea mwalimu, na kwa shida ya kuzungumza akiwa ameachama, akamuuliza kama wanayo picha ya zamani ya bomba la maji, ya wanawake na ndoo. Uso wa Ligola uling'aa. Alisema ipo, tena ni kazi ya mikono yake mwenyewe, na ndiyo picha ya heshima ya siku hii. Iko ukumbi mkuu, imefunikwa pazia, na mgeni rasmi ataifunua.

Kalekwa alimshukuru mpaka machozi yakamlenga. Hakujiuliza ni kazi gani ambayo mikono ya Mkuu wa Idara ya Vichwa ingeweza kuwa imeifanya kwenye picha ile. Mtu aliyesubiri jambo tangu utoto hawi na nafasi ya kuuliza maswali ya namna hiyo.

*

Ukumbini walisimama muda mrefu wakitazama pazia. Dakta Ndekeja alitoa hotuba ya makaribisho. Alisema picha ni jicho la taifa, na kwamba taifa lisilo na jicho ni taifa lenye changamoto za kuona. Alisema makumbusho ni mahali pa kukumbuka, na kwamba mwananchi akikumbuka mwenyewe nyumbani, bila utaratibu, anaweza kukumbuka vibaya. Alimshukuru mgeni rasmi kwa kufika na kwa maneno yake yenye busara, kwa kuwa hotuba ilichapwa hivyo, ingawa mgeni rasmi alikuwa bado yuko njiani. Watu wakapiga makofi. Kalekwa naye akapiga, ameachama.

Hatimaye alifika Waziri wa Kumbukumbu na Mwonekano wa Taifa, Mheshimiwa Pulkeria Matandala, na wigi lake, na hereni zake za lulu, na msafara wa watu wa kumbebea miwani. Akavuta kamba. Pazia likaanguka.

Picha ilikuwa kubwa kuliko Kalekwa alivyotegemea, imekuzwa kujaza ukuta. Aliianza kwa chini, kwa makusudi, kama mtu anayekula pembezoni mwa sahani ili nyama iwe ya mwisho. Akaona ndoo. Akaona miguu ya mama yake, imekanyaga tope, vidole vimetawanyika. Akaona kanga, korosho moja moja. Akaona mikono iliyoshikana mbele, yenye mishipa. Akaona ubavuni mguu mdogo uliochomoza kwenye mbeleko, wake mwenyewe, na nusura ausalimie. Ndipo akavuta pumzi, akainua macho kwenye uso.

Alikutana na Mheshimiwa Pulkeria Matandala. Wigi, hereni, miwani na tabasamu.

Kalekwa akatazama jukwaani. Mheshimiwa alikuwa pale, anatabasamu. Akatazama ukutani. Mheshimiwa alikuwa pale pia, amesimama kwenye tope kwa miguu ya mtu mwingine. Kando yake, mahali aliposimama waziri wa maji wa enzi zile, palikuwa na chungu cha maua, maana huyo alitenguliwa zamani na mrithi wake hakupenda kupigwa picha karibu na maji.

Maelezo yake yalikuwa rahisi, na Mheshimiwa mwenyewe aliyatoa kwa fahari. Wenzake hupandishwa kwenye picha za mawaziri. Yeye aliomba ashushwe kwa wananchi. Ukweli ni kwamba alikuwa na historia ndefu ya uongozi lakini hakuwa na historia yoyote ya shida, na uchaguzi ulikuwa unakaribia.

"Mnaniona pale," akasema, akinyoosha kidole chenye pete. "Nilisimama na ndoo yangu. Nililipigania bomba lile kwa jasho. Na mgongoni, ndugu wananchi, nilikuwa na mtoto. Mtoto yule ndiye ninyi. Taifa hili nimelibeba kwa mbeleko."

Makofi yalitikisa madirisha. Kalekwa akafunga mdomo. Mlinzi alimwashiria aufungue. Hakuufungua. Alipenya katikati ya watu akaenda mpaka mbele.

"Mheshimiwa," akasema, "huo mguu ni wangu."

Dakta Ndekeja alicheka kicheko kifupi cha kiofisi na kuwatafuta walinzi kwa macho. Lakini Mheshimiwa alikuwa mwanasiasa aliyekomaa. Sekunde ile ile alishuka jukwaani na mikono imefunguka, akalia "Mwanangu!" kwenye kipaza sauti, akamvuta Kalekwa kifuani na kumkandamiza kwenye nishani zake. Wapiga picha walikanyagana. Kalekwa, pua imezama kwenye manukato, alijitahidi kufikia sikio lenye lulu.

"Umekaa juu ya mama yangu, Mheshimiwa. Naomba ushuke nimwone."

"Tabasamu kwanza, dada. Tutaongea," Mheshimiwa akanong'ona bila kusogeza midomo.

"Nimekuja kumwona yeye tu. Sina neno lingine na wewe."

"Nikitoka pale, taifa zima linakosa mama. Wewe umekosa mmoja tu, na umeshazoea."

Haikupasa mtu akose nguvu mahali penye makofi mengi namna ile, lakini Kalekwa alizikosa. Alibaki ameshikiliwa kama kanzu kwenye kamba.

*

Saa saba ikagonga. Katika nchi hiyo, taarifa ya habari ya saa saba husikilizwa na kila mkusanyiko kwa kusimama wima, na kila uamuzi wa Rais hupigiwa makofi papo hapo, hata kama haujaeleweka. Vipaza sauti vya ukumbini vikafunguliwa. Mheshimiwa akamwachia Kalekwa, akasimama wima na wenzake.

Mtangazaji alisema kwamba Rais ametengua, kuanzia dakika hiyo, uteuzi wa Waziri wa Kumbukumbu na Mwonekano wa Taifa, Pulkeria Matandala. Jina la mrithi lingetangazwa baadaye.

Watu walipiga makofi. Mheshimiwa naye alipiga, kwanza kwa mazoea, halafu kwa sheria. Makofi yalipokwisha, hakuwepo. Hakuwa ameondoka, alisimama pale pale na wigi lake, ila hakuna aliyemwona. Dakta Ndekeja alipita nafasi aliyosimama kana kwamba ni mlango. Mtu alimtoa kipaza sauti mkononi kama unavyochukua kitu mezani. Msaidizi wa miwani aliivaa mwenyewe. Mama Zuberi peke yake ndiye alimsogezea kiti, akamkatia soda yake nusu kwenye glasi, akamwambia, "Kaa, mama. Kunywa kabla hawajaichukua na hii."

Kalekwa aliona haya kwa furaha iliyompanda, lakini haikuzuilika. Tayari Mwalimu Ligola alikuwa juu ya ngazi na wembe. Alifanya kazi nzuri. Kichwa cha Pulkeria Matandala kilibanduka kizima, na wigi lake, na lulu zote mbili, kikatiwa kwenye bahasha na kupelekwa droo ya Wanaoweza Kurudi. Ukutani pakabaki mwanamke wa kanga ya korosho, ndoo miguuni, mtoto mgongoni, na juu ya shingo tundu jeupe.

Kalekwa alisimama chini ya ngazi. Aliomba kwa adabu kwamba sasa, kwa kuwa nafasi ipo wazi, warudishe kichwa cha mwenyewe.

"Kipi hicho?" Ligola akauliza kutoka juu.

"Kile mlichokitoa. Cha mama yangu."

Mwalimu alimtazama kama mtu aliyeulizwa ziko wapi maganda ya viazi vya mwaka juzi. Hakuwa mtu mbaya. Alijaribu kukumbuka kweli.

"Dada, kile kilikuwa cha mwananchi."

"Ulisema hamtupi kichwa."

"Cha kiongozi. Kiongozi anaweza kurudi. Mwananchi arudi wapi, na hajawahi kuteuliwa?"

Akamweleza, kwa sauti ya kufariji, kwamba hata hivyo havipotei bure. Vichwa vya wananchi hupewa mwaka wa kwanza kwa mazoezi. Wengine hujifunzia masikio, wengine macho. Cha picha ile, kama kumbukumbu zake ziko sawa, kilitumika vizuri sana kwenye somo la pua. Kalekwa akauliza nani alikitumia. Ligola akasema wale wamekwisha kuhitimu, wako wizarani.

Kalekwa alitazama vidole vyake. Kutwa nzima, kila siku, vidole hivyo hushika vichwa vya watu, huvigeuza, huviinamisha, huvijua kwa mafundo na makovu yake. Alikuwa ameshika vichwa vya nusu ya mtaa. Cha mama yake kilikatwakatwa na vijana waliokuwa wanatafuta maksi.

*

Dakta Ndekeja hakuwa na nafasi ya simanzi. Waandishi walikuwa wamekwenda kunywa chai chumba cha pili baada ya taarifa ya habari, na wangeingia wakati wowote kuipiga picha ya heshima. Waziri mpya hajatajwa. Na mtu asiye na kichwa, katika jengo la Serikali, angeweza kutafsiriwa vibaya. Alizunguka ukumbi akiminya mikono, mpaka macho yake yakamwangukia Kalekwa. Yakatulia hapo, kama macho ya fundi cherehani kwenye kitambaa.

"Wewe si mtoto wake?" akauliza. "Basi tumepona. Damu ni ile ile. Tunakupiga picha sasa hivi, tunakuweka juu ya mwili, Mwalimu anakulainisha hapa na hapa kwenye mikunjo. Ulikuja kuona uso wa mama yako. Tunakupa uso wa mama yako, ukutani, mkubwa, bila malipo. Tatizo liko wapi?"

"Tatizo atakuwa amejibeba mwenyewe mgongoni," Mama Zuberi akajibu kutoka kwenye kiti cha pili karibu na aliyekuwa waziri.

Kalekwa alisema hapana. Alisema, na huo ndio ulikuwa usemi wake mrefu kuliko wote siku hiyo, kwamba sasa hivi mama yake hayupo, na tundu lile linasema hayupo. Mtu akipita ataona kuna aliyetolewa. Wakimweka yeye pale, kila atakayepita atadhani mama amepatikana, hata yeye binti yake akija kesho atadhani hivyo, na hakuna atakayemtafuta tena. "Liacheni tundu," akasema.

Mkurugenzi alimkumbusha kwamba hii ni Siku ya Wazi ya Jamii, na jamii ikialikwa hushiriki. Walinzi wawili wakamshika mabega na kumkalisha kwenye kigoda mbele ya kamera. Taa zikawashwa. Mwalimu Ligola akaingiza kichwa chini ya kitambaa cheusi, akamwomba atulie.

Kamera ilipolia, Kalekwa alitikisa kichwa. Kushoto, kulia. Hapana.

Ligola akatoka, akasema picha imeharibika, atulie dada yangu, ni dakika moja tu. Akarudi ndani. Kalekwa akatikisa. Ligola akatumia ujanja, akasema amemaliza, ahsante sana, kisha akabonyeza ghafla. Kalekwa alikuwa bado anatikisa. Mkurugenzi akaja kumbembeleza, akamwahidi cheti. Akatikisa. Akamtishia kumnyima cheti. Akatikisa vile vile, macho mbele, midomo imefungwa, kushoto na kulia, bila haraka, kama aliye tayari kukaa hapo mpaka uchaguzi.

Mlinzi mmoja akajitolea kumshika kichwa. Ligola alikataa kwa hofu. Alisema mikono itaonekana, na mikono ya walinzi kwenye shingo za wananchi ndiyo kitu ambacho idara yake imehangaika mwaka mzima kukiondoa kwenye picha nyingine.

Mkanda ukaisha. Chumba cha pili vikombe viliacha kulia, viti vikasogezwa, waandishi wakaanza kuja. Dakta Ndekeja akafuta jasho, akamwambia Ligola kwa sauti ya kukata roho asafishe picha yoyote na abandike hiyo hiyo.

Ndiyo iliyoko hadi leo. Mwili umetulia, kanga inasomeka korosho moja moja, mtoto yuko mgongoni na mguu wake umechomoza. Lakini juu ya shingo hakuna uso. Kuna ukungu unaokwenda kushoto na kulia, na katikati yake kitu kama mdomo uliofungwa. Mawaziri kadhaa wa Kumbukumbu wamepita tangu siku hiyo, na kila mmoja alipoonyeshwa nafasi ile aliomba atafutiwe nyingine. Watoto wa shule wakipitishwa hapo huuliza yule mama anakataa nini. Mwongozaji ameelekezwa kujibu kwamba siku ile kulikuwa na upepo.

*

Jioni ile Kalekwa alirudi nyumbani kwa miguu. Mama Zuberi alijaribu kumchangamsha njiani kwa kumwigiza Mkurugenzi, akaona hapokelewi, akaacha. Wande alikuwa kibarazani, magoti yamenyooshwa kwenye mkeka. Hakumsalimu. Aliuliza tu kama amemwona.

Kalekwa alikaa chini. Alisema hapana, hayupo, walimtoa zamani. Akasimulia kuhusu waziri na tundu na kigoda. Wande alisikiliza bila kumkatiza mpaka alipofika kwenye kamera.

"Ukafanyaje?"

"Nikakataa."

"Kwa kutikisa?"

"Kwa kutikisa."

Wande aliweka mikono magotini. Kisha akasema kwamba siku ile ya bomba, kabla ya picha, wanawake waliambiwa wapige vigelegele, na bomba lilikuwa halijatoa hata tone. Wote walipiga. Nyanzala alikataa, na mkuu wa wilaya akasimama mbele yake kumwamuru, na yeye akaendelea kukataa mbele ya watu wote, mpaka wakaona aibu wao.

"Alikuwa anafanya hivi," Wande akasema. Akainua kidevu, macho yakawa mazito, nyusi moja ikapanda juu kidogo kuliko nyingine, na taratibu sana, kama mtu asiye na haraka na yeyote, akageuza kichwa kushoto, akakirudisha, akakipeleka kulia. Kwa muda ule uso wake haukuwa wa Wande kabisa.

Kalekwa alisogea mpaka karibu, magoti yakagusana.

"Rudia, mama," akasema.